Kocha Alikula Kwangu

"Binti yangu, nikisema vile alisema, ule kocha batamufukuza kazi?"

Mzee aliniuliza hivyo mbele ya mashine ya maji, ghorofa ya ishirini na kitu, katika ofisi ya mawakili katikati ya Minneapolis. Alikuwa ameshika kikombe cha karatasi kitupu. Mimi nilikuwa mkalimani wake, na mkalimani haruhusiwi kuzungumza na shahidi wakati wa mapumziko, sembuse kumjibu swali kama lile. Lakini si sheria peke yake iliyonifunga mdomo. Jibu lenyewe sikuwa nalo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuja Minnesota kusoma, nikapata digrii ya sosholojia, nikabaki. Siku nyingi nilitafsiri hospitalini: presha, sukari, akina mama wajawazito. Kazi za mawakili zilikuja mara chache, na nilizikubali upesi kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi ukweli unavyotengenezwa. Hayo ndiyo maneno niliyoyatumia nilipopiga simu nyumbani Morogoro. Mama alisema, "Wewe angalia usitengenezwe mwenyewe."

Kesi ilihusu chuo kikuu kimoja cha jimbo jirani kilichohama ligi. Vyuo vya Marekani hucheza michezo kwa makundi, na kundi likiwa kubwa, televisheni hulipa zaidi. Chuo hicho kilitoka katika kundi lake la miaka mingi kikaingia kubwa zaidi, kwa ajili ya timu ya mpira wa Kimarekani. Kundi la zamani likakishtaki kwa kuvunja mkataba. Hiyo ndiyo kesi iliyotangazwa kwenye habari. Nyuma yake kulikuwa na nyingine ndogo, ambayo haikutangazwa popote. Ili kumudu safari ndefu za ligi mpya, chuo kiliamua kufunga timu kadhaa zisizoingiza kitu, na mojawapo ilikuwa timu ya wasichana wa mbio ndefu. Wasichana wakaenda mahakamani. Walidai kwamba waliahidiwa timu ingekuwepo hadi wahitimu, wakati chuo kilishajua kuwa kitahama. Walimwomba jaji azuie timu isifungwe mpaka kesi iishe.

Mmoja wao alikuwa binti wa yule mzee. Familia ilitoka Kongo mashariki, ikakaa miaka mingi kambini, kisha ikaletwa Saint Paul, mtaa wa Frogtown. Msichana alijifunza kukimbia kambini, alipokuwa akitumwa maji, na hapa akakimbia mpaka chuo kikamlipia masomo. Kocha alikwenda nyumbani kwao kumwomba kwa wazazi wake. Alichosema siku ile sebuleni ndicho mawakili walichotaka kukisikia, na mzee ndiye mtu mzima pekee aliyekuwepo. Mkewe alikuwa kazini.

Kabla hatujaanza, mzee alinipima. Alivaa suti yake ya kanisani, na siku hiyo aliomba ruhusa kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali.

"Weye ni wa Tanzania," alisema.

"Ndiyo, mzee. Umejuaje?"

"Nyinyi munasema Kiswahili sawa munasoma redio. Mutu anaogopa kukohoa."

Nilicheka. Binti yake, aliyekaa karibu na dirisha na koti la timu yake, alicheka pia, akamwambia kwa Kiingereza aache kunisumbua. Sikuwaona tena wakicheka pamoja.

Ushahidi ulichukuliwa palepale ofisini bila jaji, uandikwe na kupelekwa mahakamani. Tuliapa wote wawili, yeye kusema kweli, mimi kutafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Mwandishi wa mahakama aliweka vidole juu ya kimashine chake. Mkalimani husema "mimi" pale shahidi anaposema "mimi". Kwa hiyo kwa saa mbili nilikuwa baba wa watoto saba.

Wakili wa chuo alikuwa kijana mpole. Aliuliza kuhusu kambi, kazi, watoto, na mzee akajibu bila shida. Kisha akauliza kuhusu siku kocha alipokuja, na uso wa mzee ukafunguka. Kocha alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alinawa mikono. Alikula bugali na sombe kwa mkono, akaomba aongezewe, na kisamvu kile kilikuwa na pilipili. Mtoto mdogo wa nyumba alilala mapajani mwake, naye akakataa wamwondoe.

"Mugeni wa vile," alisema mzee, nami nikasema kwa Kiingereza, "ukimpata, unashukuru."

Hapo wakili wa wasichana, mwanamke mwenye mafaili mengi, aliomba dakika kumi. Alijua swali linalofuata. Sote tulilijua. Nikaenda kunywa maji, mzee akanifuata na kikombe chake.

Baada ya kuniuliza lile swali la kocha, aliendelea kwa sauti ya chini.

"Kule kambini nilisema juu ya mutu mumoja. Alikuwa anapima maharagi vibaya. Babo bakubwa baliandika, balinishukuru sana. Kesho yake hana kazi. Na batoto sita. Ule mutu alikula kwangu Noeli." Alikigeuza kikombe. "Na huyu kocha alikula kwangu."

"Mzee, siruhusiwi kujibu. Muulize wakili."

"Wakili ndiye anataka niseme. Nimuulize yeye?"

Chuoni nilikuwa mwanafunzi wa kuinua mkono. Nilimuuliza profesa nani alilipia utafiti wake. Kanisani nilimuuliza mchungaji kwa nini tunawaombea wenye viza na si walionyimwa. Sasa mtu alikuwa ameniuliza swali ambalo mimi ningejivunia kuliuliza, yaani nani ataumia nikisema kweli, nami nikatazama saa ukutani.

"Muda umeisha, mzee," nilisema. Zilikuwa zimebaki dakika nne.

Kwa kanuni zetu nilipaswa kuwaambia mawakili wote kwamba shahidi amezungumza nami, na amesema nini. Sikuwaambia. Nilijiambia kwamba namlinda. Leo naona nilijilinda mimi, maana ningeeleza, ningetolewa kwenye kazi ile na labda kwenye orodha ya wakalimani. Lakini pia wakili wa wasichana angejua mzee anaogopa nini, na angeweza kumtafutia jibu.

Tulirudi mezani. Wakili wa chuo akauliza: "Je, kocha alikuahidi kwamba timu itakuwepo mpaka binti yako ahitimu?"

Mzee aliangalia vidole vya mwandishi.

"Hapana. Alikula, alishukuru, alienda."

Nikatafsiri. Sauti yangu haikutetereka, na wakati ule nilijivunia hilo.

Wakili wa wasichana aliinama mbele. Alimkumbusha kwamba binti yake ameandika, kwa kiapo, kuwa kocha alisema, "Atakapovaa joho la kuhitimu, mimi na timu tutakuwepo." Je, hakumbuki?

"Binti yangu ni mutoto," alisema mzee. "Alikuwa jikoni. Hakusikia."

Msichana alisema kitu kwa Kiingereza kutoka dirishani. Wakili wake akamshika mkono. Wakili wa chuo akasema, kwa upole uleule, kwamba aliyesema si shahidi. Mzee akanigeukia.

"Anasema nini?"

Alikuwa amesikia. Kiingereza cha maneno yale alikuwa nacho, nina hakika. Lakini alitaka kuyapokea kutoka kwangu, kama mtu anayengoja barua ifunguliwe na mwingine. Nami nilikuwa nimeapa. Nikamwambia, kwa Kiswahili changu cha redio:

"Baba, nilikuwa nimekaa kando yako. Ulinishika goti."

Mzee alitikisa kichwa polepole, si kukubali wala kukataa.

"Mwambie..." alianza. Kisha akasema, "Acha."

Nikatafsiri hata hilo.

Ilipokwisha tuliingia kwenye lifti, mzee, wakili wa wasichana na mimi. Msichana alisukuma mlango wa ngazi akashuka kwa miguu, ghorofa zote zile. Tulipofika chini alikuwa ameshafika, yuko barabarani mgongo kwetu, na hahemi. Baba yake alisimama hatua tano nyuma yake. Walipanda treni moja wakielekea Saint Paul. Mimi niliacha ile ikapita, nikapanda iliyofuata.

Jaji alikataa kuizuia timu isifungwe. Nilisoma uamuzi wake kwenye simu, ndani ya treni hiyohiyo ya Saint Paul, ile ya University Avenue, na nilirudia mara tatu sentensi moja: kwamba mzazi wa mmoja wa wadai mwenyewe, kwa kiapo, amekanusha kuwepo kwa ahadi. Siwezi kusema kwamba mzee angejibu vingine jaji angeamua vingine. Vyuo vina mawakili wengi, na wenye busara waliniambia kesi ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Labda. Lakini sentensi ile ilikuwepo, na Kiingereza chake kilikuwa changu.

Wenzake kadhaa wa yule msichana walihamia vyuo vingine. Yeye hakuhama, msimu wa kuhama ulikuwa umeshampita. Timu ikafungwa, akaacha masomo kabla mwaka haujaisha.

Mwaka uliofuata nilikutana na mzee kwenye korido ya hospitali, akisukuma toroli la mashuka machafu lililomzidi kimo.

"Ah, mama wa redio," alisema.

Nilimsalimu, nikauliza habari za nyumbani. Akaniambia binti yuko Lakeville, anahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea watu, analala hukohuko na wafanyakazi wenzake. Jumapili, siku ya Mungu, haji tena nyumbani. Mama yake humpelekea chakula. Yeye, baba, hubaki ndani ya gari.

"Bado anakimbia?"

"Sasa iko na gari."

Alipanga upya mashuka ambayo hayakuhitaji kupangwa. Kisha akauliza, bila kuniangalia:

"Na ule kocha? Bado yuko na kazi yake?"

Kwa mara ya pili nilimkwepa, nikamwambia sijui. Safari hii hakukuwa na kiapo, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kutafuta palepale, tukasoma pamoja. Nilisema naitwa wodini.

"Basi Mungu amulinde," alisema mzee, akasukuma toroli. Nilijua kwamba anatamani kusikia ndiyo. Kama kocha bado ana kazi, basi kitu alichokitoa kilikuwa kimenunua kitu.

Ilinichukua miaka mingine miwili kutafuta, mimi niliyezoea kuhoji kila mtu. Niliacha kazi za mawakili. Kisha asubuhi moja, nikingoja mgonjwa aliyechelewa, niliandika jina la kocha kwenye simu. Habari yenyewe ilikuwa fupi, ya gazeti la mji mdogo wa kusini, mbali sana na theluji. Kulikuwa na picha yake na wasichana wapya, wote wamevaa medali. Chini waliandika historia yake katika chuo hicho kipya, pamoja na siku aliyosaini mkataba wa kuhamia pale. Nilirudi kwenye kalenda yangu ya zamani ya kazi kuhakikisha, kwa sababu sikutaka kuamini.

Siku mzee aliponiuliza kama kocha atafukuzwa kazi, kocha alikuwa ameshaiacha kazi hiyo siku kumi na moja kabla.