Zamu ya Nane

Chuo cha jamii ni cha miaka miwili. Nereida Villaseñor alikisoma kwa miaka saba, na ukidhani kichwa chake kilikuwa kizito, basi hujawahi kusimama kwa saa tisa mfululizo ukipanga machungwa, kisha ukaenda darasani kuhangaika na hesabu za uhandisi. Msimu wa machungwa ukianza alichukua somo moja, ukiisha, matatu. Watoto aliowakuta darasani walihamia vyuo vikuu, wakahitimu, na mmoja wao akarudi kumfundisha. Yeye hakuacha. Kwao Los Olmos, katika bonde kubwa la California, visima vilikuwa vimekauka, na maji ya kuogea yaliletwa na lori yakamiminwa kwenye matangi ya plastiki uani. Nereida alitaka kuwa mhandisi wa maji. Hakuwa na sababu nyingine, na hiyo ilimtosha.

Machi ile, akiwa na miaka ishirini na tisa, chuo kikuu kimoja cha pwani kikamwandikia kwamba kimempokea kuingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Mama yake, Doña Chayo, aliyefungasha machungwa pamoja naye kiwandani, kwenye mstari uleule, aliibandika barua kwenye mlango wa friji na kuwaita majirani waje kuiona. Lakini kupokelewa ni jambo moja, kulipa ni jingine. Ruzuku ya serikali ingebeba sehemu kubwa ya ada na malazi. Pengo la dola elfu kumi na moja kwa mwaka lingebaki. Chuo kilikuwa na mfuko wake kwa wanafunzi wa uhandisi waliotoka vyuo vya jamii, na mfuko huo ungeliziba pengo lote, mradi mwombaji aonyeshe kwa karatasi ya benki kwamba hana akiba inayozidi dola elfu tatu.

Akiba aitoe wapi? Alikuwa na dola mia sita na kumi. Balaa lake ni kwamba alikuwa kijumbe, mtunza pesa za wenzake.

Wanawake wa kiwandani walicheza upatu, wao wakiuita tanda. Walikuwa ishirini na nne pamoja na Nereida na mama yake. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kila mmoja alitoa dola mia tano, na Jumapili mmoja wao akaondoka na elfu kumi na mbili. Zamani pesa zilifichwa ndani ya sufuria nyumbani kwa kijumbe, hadi wezi walipoingia wakachukua na sufuria yenyewe. Ndipo wakamchagua Nereida, kwa kuwa alijua hesabu, alizaliwa nchini humo na alikuwa na akaunti benki. Miaka sita haikupotea hata senti moja. Kwa desturi, kijumbe huchukua zamu ya kwanza, ndiyo ahsante yake. Lakini mchezo mpya ulipoanza Januari, mwenzao Isaura alikuwa na mtoto anayesubiri upasuaji. Nereida akampa ya kwanza, yeye akachukua ya nane, ya Agosti.

Machi ilikuwa zamu ya Ofelia Rentería, mkuu wa mstari, mwanamke ambaye akikohoa wenzake hunyamaza. Ofelia alimwomba Nereida akae na pesa wiki moja zaidi, maana mumewe asingejizuia, njia ya kasino aliijua hata akifumba macho. Nereida akakubali. Jumatatu iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya maombi ya mfuko, na karatasi ya benki ikatoka na dola elfu kumi na mbili mia sita na kumi.

Angeweza kuzitoa na kuzifungia kabatini kwa siku ile moja. Mwizi yeyote angefanya hivyo. Yeye, kwa uaminifu wake wa kijinga, akaandika penye nafasi ya maelezo kwamba elfu kumi na mbili si zake, ni za tanda, kisha akatuma. Kosa lake ni hilo tu, na ni kosa la mtu aliyekulia Los Olmos, ambako hata mtoto mdogo akiambiwa pesa ni za tanda hazigusi. Haikumpitia akilini kwamba kuna watu duniani wasioijua.

Jibu lilikuja mapema Mei: ombi limekataliwa, mwombaji ana akiba. Akapiga simu. Akaipokea Bi Halvorsen wa ofisi ya mfuko, mwanamke mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. Alisikiliza yote. Alisema ni utamaduni mzuri sana. Kisha akataka barua ya kila mwanachama, yenye jina kamili, anwani, kiasi alichochanga na sahihi, kabla ya tarehe ishirini.

"Wote ishirini na watatu?" Nereida aliuliza.

"Wote. La sivyo nitajuaje kwamba si zako?"

"Kuna wengine hawapendi kuandika majina yao."

"Nereida, sisi si polisi," alisema Bi Halvorsen, na kwa sauti yake ungejua kabisa kwamba hajawahi kumwogopa polisi maishani mwake.

Kiwandani wengi walifanya kazi kwa majina ya watu wengine, kwa kuwa hawakuwa na vibali vya kuishi nchini. Ofelia aliitwa Patricia kwenye kitambulisho cha kazini. Doña Chayo mwenyewe alikuwa Irma kwa miaka kumi na tisa, akageuka akiitwa Irma haraka kuliko akiitwa jina alilopewa na baba yake. Nereida aliyajua hayo yote. Hata hivyo alizunguka na karatasi wakati wa chakula, akieleza polepole, akiapa kwamba barua haziendi kokote ila chuoni. Tisa wakatia sahihi, wale wenye vibali vyao. Waliobaki wakaanza kula wakiwa wamempa mgongo.

Ofelia aliisoma karatasi hadi mwisho, akaikunja, akamrudishia.

"Niandike jina gani, hili la kibaruani au lile alilonipa mamangu?"

"La kweli, Ofelia. Ni kwa ajili ya shule tu."

"Mimi nilikupa pesa, binti. Jina sikukupa."

Mmoja akasema injinia anataka kujenga daraja kwa majina ya watu, avuke yeye na kulivunja nyuma yake. Wakacheka, na waliocheka zaidi ni wale ambao Nereida aliwahi kuwajazia fomu za hospitali bila kuwadai kitu. Ndivyo hofu ilivyo, inaanza kwa kumuuma aliye karibu.

Nyumbani aliiacha karatasi ya mama yake juu ya meza ya jikoni. Hakumwomba aisaini. Doña Chayo aliihamisha kila alipotaka kukanda unga wa tortila, na alipomaliza akairudisha palepale, kavu, bila alama ya kidole. Siku ya nne Nereida aliiondoa mwenyewe. Akatuma tisa alizokuwa nazo, na chuo kikajibu kwamba ni zote au hakuna.

Hapo mwingine angekata tamaa. Nereida aliona bado ana mlango mmoja: zamu yake ya Agosti. Elfu kumi na mbili zingelipa pengo la mwaka wa kwanza na kubakiza za vitabu. Mwaka wa pili ungejijua wenyewe. Nafasi ya chuo ilipaswa kuthibitishwa Jumamosi, siku ya kwanza ya Juni, kabla ya saa sita mchana, na aliamua kuithibitisha.

Ijumaa, baada ya kukusanya michango ya Mei na kuipeleka benki, aliitwa nyuma ya ghala ambako makreti matupu hupangwa. Wote walikuwepo. Ofelia ndiye aliyesema.

"Hakuna anayekuita mwizi, tuelewane. Lakini ukishachukua Agosti utakuwa pwani. Mchezo una miezi kumi na sita mbele. Mia tano zetu nani atazifuata huko? Mimi naogopa hata kuvuka kaunti."

Nereida alisema angelipa kila mwezi, kama alivyolipa miaka yote. Akawakumbusha zamu ya kwanza aliyoitoa. Isaura alitazama viatu vyake. Kisha Nereida akasema neno ambalo angelimeza kama angejua.

"Mama yangu anabaki hapa. Atanidhamini."

Vichwa vyote vikamgeukia Doña Chayo. Ofelia akamuuliza, bila ukali, kama anamdhamini mwanawe. Doña Chayo alivua glavu moja, akaivaa tena. Ofelia akangoja kidogo kwa heshima, kisha akasema wanaotaka Nereida awe wa mwisho, zamu ya ishirini na nne, wanyooshe mikono.

Wengi walinyoosha. Isaura alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Ofelia. Mkono wa tatu, wenye glavu ya mpira iliyochanika kidoleni, ulikuwa wa mama yake.

Jioni Doña Chayo aliteleka maharage. Nereida alikuwa amekaa mezani na sare yake ya kazi, hajanawa hata mikono. Ilimuuma, akasema inamuuma.

"Hukuweza hata kunyamaza, mama? Ungekaa kimya tu."

"Wewe utaenda, mwanangu, nami nitabaki nao," Doña Chayo alisema akiwa amemgeukia jiko. "Nikiugua nani ataniletea chakula, chuo chako? Immigration wakija, nani atanigongea ukuta nijifiche? Ningenyamaza wangesema tumepanga mimi na wewe."

"Wangesema. Na wewe unaonaje?"

Mama yake alikoroga sufuria, akapunguza moto, akajifuta mikono. Alipogeuka uso wake ulikuwa na aibu, lakini swali alikuwa nalo, na hakuweza kulizuia.

"Zile za leo," alisema. "Bado zipo benki? Zote?"

Nereida akatoa simu, akafungua akaunti, akaisukuma mezani. Doña Chayo hakuwa na miwani. Aliinama, akafuata tarakimu kwa kidole, moja moja, akirudia mwanzo alipopotea. Alipohakikisha kwamba elfu kumi na mbili zimo zote, na vijisenti vya mwanawe juu yake, alishusha pumzi, akachukua sahani, akampakulia mwanawe chakula kingi kuliko kawaida.

Nereida alikula. Jumamosi saa sita mchana ilimpita akiwa anafua sare za wote wawili, na wala hakuifungua kompyuta kuithibitisha nafasi.