Nusu ya Bampa

Mafuta ya nywele yakipulizwa hewa ya moto yanatoa harufu tamu ya kuungua, kama kitumbua kilichosahauliwa jikoni. Harufu hiyo ndiyo utoto wangu wa La Rochelle, mtaa wa Johannesburg. Wenzangu wanakumbuka keki za siku ya kuzaliwa, mimi nakumbuka bampa. Na nawaambieni mapema, msije mkasema niliwaficha: baridi ya mwaka ule mimi na mama tuliliosha gari la baba, tukalipaka, tukaliremba mpaka likang'aa, halafu baba akapanda akaenda nalo kuoa mke wa pili. Mafundi wa harusi tulikuwa sisi, na mwaliko hatukupata.

Gari lenyewe lilikuwa limechoka. Tulipanga chumba cha uani, gereji hakuna, kwa hiyo lilishinda na kulala barabarani, likichomwa na jua la Joburg ambalo hata wakati wa baridi halina huruma, na vumbi la njano la vilima vya mchanga wa migodi ya dhahabu likilimwagikia juu. Bodi ilikuwa nyekundu vizuri tu. Shida ilikuwa zile plastiki nyeusi: bampa mbele na nyuma, mikanda ya milangoni, makasha ya vioo vya pembeni. Zote zilikuwa zimepauka, kijivu kama magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta. Baba, mtu wa Tanga na mpenda sifa, zilimuuma sana. Jumamosi moja akaja na ile sauti ya asali aliyokuwa anawawekea wageni: "Mama Zuhura, kuna harusi Randburg, magari yataenda kwa msururu. Nitaingiaje na bampa kama jivu?" Mama alikuwa barazani anasuka mtu. Akalitazama gari akasema, "Hilo haliumwi, limekauka tu. Kichwa kikavu nakijua mimi." Hakuuliza harusi ya nani. Mtu mnakula sahani moja, utamuuliza nini?

Basi tukaanza. Mama alizisugua zile plastiki kwa sabuni na mswaki mkuukuu mpaka maji yakaacha kutoka ya njano. Zilipokauka akapitisha waya wa umeme dirishani, akachukua draya yake ya nywele, akapaka mafuta kidogo, akapuliza, akapaka tena. Kazi yangu ilikuwa kitambaa, na nilikuwa na pupa. "Usilikandamize, Zuhura, hilo siyo chapati." Weusi ukaanza kurudi taratibu, ukitambaa kutoka kona ya bampa kuja katikati, na mimi nikaamini mama yangu ni mchawi. Jirani yetu Mama Chantal, Mkongo aliyekuwa anashona nguo chumba cha pili, akatoka anapiga makofi: "Eh, mama! Hii gari inangaa sasa, utasema ni yeye bibi-harusi!" Tukacheka wote. Baba alicheka kutushinda.

Baba akaondoka nalo, na wiki zile zile akaja mteja na simu mkononi. Alitaka asukwe kama bibi-harusi fulani wa Randburg, akamwonyesha mama video. Mama akauangalia ule mtindo, akasema naweza. Halafu kwenye video likapita gari. Mama aliliona bampa kabla hajamwona mume. Ndani alikaa baba, kanzu na joho, anapunga mkono kama anagombea ubunge. Mama akarudisha simu. Akakisuka kichwa kile mpaka mwisho, mtindo ule ule, hakukosea hata mstari. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nampa rasta moja moja.

Baba alirudi mvua za kwanza zilipopiga. Mafuta ya nywele na mvua haviivi chungu kimoja, bampa lilikuwa limepauka tena, lina michirizi kama uso uliolia. Shemeji zake wapya walikuwa wanamcheka. "Mama Zuhura, ile dawa yako imetoka. Nipakie tena, nakuomba."

"Kwani huko hakuna draya?" nikauliza mimi.

"Zuhura!" akafoka.

Mama hakufoka. Alitoa draya, akapaka upande wa kushoto wote, mlango, kioo, na bampa mpaka kwenye namba ya gari. Hapo akazima, akaanza kukunja waya.

"Mbona umeacha nusu?"

"Wake wawili, Baba Zuhura. Dini imekwambia utufanyie haki. Hiyo nusu yangu. Iliyobaki mpelekee mwenzangu."

"Sasa nitaendeshaje gari hivi?"

"Kwa usukani."

Akaliendesha. Joburg nzima ilimcheka, kila robot, zile taa za barabarani, ikiwaka nyekundu watu wanachungulia. Mwenzake mama hakuigusa ile nusu. Upande wetu tuliendelea kuupaka kila alipokuja, na mama alikuwa anapaka vizuri, hapo ndipo panaponiuma. Ila alizidi kuchelewa kuja. Upande wetu nao ukaanza kupauka. Siku pande zote mbili zilipolingana ukijivu, nililiona gari kwa mbali Rosettenville, mtaa wa jirani, linakata kona. Kwetu halikuingia tena.

Shule yangu iliishia msingi, ada ilikuwa imehamia Randburg. Leo niko Rosettenville, naosha magari, na plastiki zilizopauka ndiyo kazi yangu hasa. Nina mashine ya hewa ya moto ya kweli, weusi wangu mvua inaupitia tu, hauondoki. Mama bado anasuka barazani pale pale. Mvi zimemjaa, na nikimwambia nimpake piko ananiambia, eish, niache nipauke kwa raha zangu. Wateja wanakuja, wananiambia dada, lifanye liwe kama jipya. Kabla sijawasha mashine nauliza linakwenda wapi. Wanadhani napenda umbea. Wakisema kazini, sharp, nawasha. Wakisema harusini, nauliza: ya nani?