Mutuini Juu ya Meza

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kupaka rangi watu wadogo, wale wanaosimamishwa kwenye modeli za majengo ambayo bado hayajajengwa. Walikuwa wadogo kama punje za mchele, na waliwekwa pale ili mnunuzi akiinama juu ya meza aone jinsi atakavyoishi. Karakana yetu ilikuwa orofa ya juu ya jengo kuukuu katikati ya jiji, na lifti ilikuwa imekufa kabla sijaajiriwa. Tulikuwa watatu tu: mkubwa wetu, ambaye kila mara alikuwa mbioni kwenda mikutanoni, jamaa mmoja mnyamavu aliyekata kuta na mapaa kwa mashine, na mimi mwenye brashi.

Watu hudhani ugumu wa kazi hii ni macho. Macho huzoea. Kinachochoka ni moyo. Unapaka shati, suruali, nywele, unamweka chini, unamchukua mwingine ambaye ni yule yule. Ikifika mchana mkono unakuwa kama wa mtu mwingine. Mwanzoni nilikuwa nikikaa na brashi iliyokauka mkononi, nikitazama kupitia dirishani wachuuzi wakikunja turubai zao mbiombio askari wa jiji wakitokea.

Dawa niliipata Kenyatta Market, nilipoenda kusukwa. Nilimwuliza msusi wangu anawezaje kushinda amesimama, kichwa baada ya kichwa, bila kukata tamaa. Akacheka.

"Mimi siangaliangi kichwa yote," akasema. "Naangalia tu laini nimeshika. Nikiangalia kichwa yote naskia kulia."

Nikalichukua neno lake kazini. Nilikata kidirisha katikati ya kadibodi, nikailaza juu ya modeli, nikawa napaka tu kilichoonekana pale ndani. Simu niliifungia kwenye droo. Na jioni nilimwacha mtu mmoja hajakamilika, makusudi, ili kesho yake nikifika nisijiulize nianzie wapi. Kazi ikaanza kwenda. Hata mkubwa alisimama nyuma yangu siku moja akasema sasa nimeiva.

Ndipo ilipoletwa modeli kubwa kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Ilijaza meza nzima na haikuandikwa jina la mahali.

"Hii isitoke nje ya huu mlango," mkubwa alituambia. "Wenyewe hawataki maneno."

Aliniagiza watu wa suti, akina mama wa miwani, mbwa wenye kamba shingoni. Mtu wa mkokoteni hakutaka kumwona, wala ng'ombe. Majengo ya zamani ambayo yangebaki katika eneo lile tuliyaacha meupe, bila rangi. Nikaanza. Nilipaka nyasi, nikapaka barabara, kidirisha baada ya kidirisha, na sijawahi kufanya kazi kwa kasi kama ile.

Siku moja niliondoa kadibodi ili nipulize vumbi, nikapanda juu ya stuli. Nikaona mto ukikunja, ukikunja tena, kisha ukipita chini ya barabara. Nikaona jengo jeupe lenye mnara mfupi, na shule nyuma yake. Nililitambua lile kanisa, maana ndilo nililoingia kila Jumapili. Ilikuwa Mutuini, pembezoni mwa jiji, nilikoishi.

Niliifuata barabara kwa kidole kutoka kanisani kuteremka mpaka pale palipopaswa kuwa na vyumba vya kupanga, changu kikiwa cha mwisho. Palikuwa na nyasi nzuri za kijani nilizozipaka mimi mwenyewe wiki iliyopita. Kando yake palikuwa na eneo la kijivu la kuegesha magari.

Jioni hiyo nilimkuta mwenye nyumba wetu akichuma mboga za sukuma. Alikuwa mjane mzee, na wapangaji wote tulimwita shosho, yaani nyanya.

"Shosho, kuna mtu anauza hii shamba?"

"Nani auze? Si mwenye shamba ni mimi?" Aliendelea kuchuma. Kisha mkono ukasimama. "Kijana yangu alikuja na watu wakapima. Alisema ni maneno ya kuleta maji."

Sikumwambia zaidi siku hiyo. Sikujua nianzie wapi, na niliogopa kupoteza kazi yangu. Kesho yake niliketi mbele ya modeli nikiwa na hakika kwamba nitashindwa. Niliilaza kadibodi mahali pake, nikachovya brashi. Kilichoniogopesha ni kwamba mkono haukusita. Uliteleza kama kawaida, shati, suruali, nywele, na kufika mchana nilikuwa nimemaliza watu wengi kuliko siku yoyote.

Jioni nilimweleza shosho kila kitu. Alitaka aone kwa macho yake.

Alikuja mjini siku ambayo mkubwa alikuwa na mkutano nje, amevaa kitambaa chake cha kanisa, akipumzika kila orofa. Jamaa wa mashine alimwona, akamsalimu, akarudi kukata. Shosho aliizunguka meza polepole.

"Hii ni kanisa."

"Ndiyo, shosho."

"Na mto ndio huu." Kidole chake kilishuka bila kugusa kitu. "Na mzee wangu ako wapi?"

Mumewe alizikwa chini kidogo ya nyumba, karibu na migomba. Ilibidi nimwonyeshe.

"Hapo, shosho. Hapo penye magari."

Aliinama mpaka kitambaa kikakaribia kugusa paa. Pale nilikuwa nimemgandisha mwanamume wa suti, anafungua mlango wa gari.

"Na huyu ni nani?"

"Si mtu, shosho. Ni wa kupamba tu."

"Amemsimamia kifuani," akasema. Kisha akauliza, "Nani alipaka?"

"Ni mimi."

Aliutazama mkono wangu, nikatamani kuuficha mfukoni.

"Umepaka vizuri," akasema, akageuka kutafuta ngazi.

Wiki hiyo hiyo alienda ofisi ya ardhi, akisindikizwa na akina mama wa kanisa, akaweka zuio ili shamba lisiuzwe bila yeye. Likakubaliwa. Mwanawe alikuja Jumamosi. Nilimsikia akimbembeleza mamake kwa sauti ya chini. Alipotoka alisimama mlangoni pangu nikianua nguo.

"Wewe ndio wa modeli?"

"Ndiyo."

Alitabasamu kama mtu anayekujulia hali. "Utahama lini?"

"Shosho hajaniambia nihame."

"Shosho ni mzee," akasema, akaenda kwenye gari lake.

Jumatatu mkubwa alikuwa amekwisha kupata habari. Hakufoka. Aliniambia brashi ni zangu, nizichukue. Modeli ilikuwa haipo tena mezani. Siku hizi napaka rangi nikiwa nyumbani, wanyama wa mbao wa duka moja linalouzia wageni, twiga baada ya twiga. Kadibodi niliitupa. Nikichoka, nachoka, natoka nje natembea kidogo, kisha narudi. Kazi huenda polepole, lakini huisha.

Zuio la shosho bado lipo. Ila majirani wa pande zote walikuwa wameuza kabla hatujajua, na hakuna aliyeweza kuwazuia. Tingatinga lilikuja kuchimba msingi upande wa pili wa fensi yetu, shimo refu kwenda chini, karibu sana. Hatumjui mwenyewe. Wafanyakazi wakiulizwa husema wametumwa tu.

Mvua ilipoanza, ufa ulitokea kwenye udongo upande wetu, mwembamba kama uzi, ukitoka kwenye fensi kuja nyumbani. Shosho aliuona kabla yangu. Alileta jiwe, akaliweka pale ufa ulipoishia, akaniambia nilitazame kila nikiamka.

Leo asubuhi ufa umelipita jiwe.