Fundi wa Ovaroli ya Buluu

Sikudanganyi, na wala sikuombi uniamini haraka. Mimi ni fundi wa magari, maisha yangu ni grisi na spana, na habari za mizimu nilikuwa nawaachia wengine. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe. Mama Ndunge alikuwepo, yuko hai, na ukimtajia jioni ile atakusimulia haya haya.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na gereji ndogo nyuma ya soko la Machakos. Mama Ndunge, mwuza vitunguu, alikuwa amenunua pikapu kuukuu kwa mjane mmoja wa Kalama. Injini ilikuwa inamisi. Na si kila wakati, taabu ilikuwa hapo. Siku mbili inakwenda vizuri, ya tatu inaanza kuruka mpigo kama mtu mwenye kwikwi. Akiileta kwangu, inanguruma safi kabisa. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha pointi. Nikaosha kabureta. Mara ya nne alikuja amekunja uso.

"Fundi, unanichezea? Vitunguu vyangu vinaozea njiani."

"Basi twende pamoja, Mama. Nataka niisikie mwenyewe."

Nikashika usukani, tukaelekea Kalama. Tulipopanda mlima, ikaanza: inakohoa, inatetemeka, inakosa nguvu. Nikasimama juu kabisa, mahali barabara inapoanza kuteremka kwa kona kali. Jua lilikuwa limezama. Nikafungua boneti, nikaiacha injini ikinguruma ili nisikilize.

"Inamisi ikishapata joto," sauti ikasema.

Mwanamume wa ovaroli ya buluu iliyopauka alikuwa amesimama kando yangu. Alitokea wapi? Upande ule ni bonde tupu. Nilidhani ni fundi wa pale jirani, nikamsalimia, "Habari ya jioni, fundi." Akainama, akaanza kuchomoa waya za plagi moja moja, kwa mkono mtupu, injini ikiwaka.

Unajua maana yake? Moto wa plagi ni umeme; ukikugusa unarushwa nyuma, mkono wote unakufa ganzi. Mimi niliuona ule moto katika giza lile, wa buluu, ukimtambaa vidoleni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hakupepesa hata kope.

Akachomoa ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, haikubadilika: waya ile haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo.

"Ni hii," akasema. Akaigeuza. Upande wa chini ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. "Ikipoa, ufa unajifunga. Ikipata joto unafunguka, moto unavujia kwenye chuma."

Mwezi mzima nilikuwa nikitafuta kitu kile! Kwa kweli niliona aibu kabla sijaona hofu. Nikapokea waya, vidole vyetu vikagusana. Vyake vilikuwa baridi, na mwili wake wote ulinuka mafuta ya breki.

Akamtazama Mama Ndunge aliyekuwa bado ameketi ndani. "Msiteremke nayo. Breki za nyuma sikumaliza."

"Hukumaliza lini?" nikauliza, huku nikigeuka kuzima injini. Niliporudi, hayupo.

"Ameenda wapi?"

Mama Ndunge akaonyesha ardhi kwa kidole. "Amelala chini," akasema. "Ameingia chini ya gari."

Nikamulika tochi huko chini. Hapakuwa na mtu. Lakini kwenye gurudumu la nyuma, nati ya paipu ya breki ilikuwa imelegea, imebaki kushikilia kidogo tu, na mafuta yanadondoka. Breki sikuwa nimeulizwa, kwa hivyo sikuwa nimeziangalia. Kukanyaga mara moja kwa nguvu kwenye mteremko ule, tungeishia bondeni.

Tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukatembea mpaka kwa yule mjane aliyeuza pikapu. Nilipotaja ovaroli ya buluu, akasema ni ya marehemu mumewe. Alikuwa fundi. Jeki iliteleza akiwa chini ya pikapu ile ile, akikaza breki.

"Ningewaambia," alisema akilia, "nani angeinunua?"

Asubuhi nilirudi na waya mpya na mafundi wenzangu watatu, nikaingia chini kuimaliza ile kazi. Nikanyoosha mkono nje, sijasema neno, spana namba kumi ikawekwa kiganjani. Ndiyo hasa niliyohitaji. Nilipotoka nikawashukuru. Wakatazamana. Hakuna aliyenipa kitu.

Pikapu haijamisi tena tangu siku ile. Mimi sijalala tena chini ya gari nikiwa peke yangu, na wateja wananicheka. Wacha wacheke. Wewe ukienda kununua gari kuukuu, usiulize tu limetembea kilomita ngapi. Uliza ni nani aliyelala chini yake mara ya mwisho, na kama alitoka.