Tulivyomshangilia malkia motoni

Leo Jumapili, miaka miwili na miezi minne tangu nitoke Musoma, nimepiga makofi ambayo najuta.

Baada ya kushusha marobota Kariakoo, tulienda kibanda umiza Buguruni kuona ile filamu ya malkia wa Kirajputi iliyozua ugomvi kwao India. Imetafsiriwa, jamaa anaisimulia kwa Kiswahili kama anatangaza mpira.

Mume wa malkia anauawa vitani. Mfalme aliyemuua anakuja kumchukua mjane.

Malkia anakataa. Anaingia motoni na wanawake wenzake wote.

Kibanda kizima tukasimama. "Huyo ndiye mwanamke!" Sauti yangu ilizidi zote.

Mama Zawadi, anayetuuzia kahawa pale mlangoni, akatutazama. "Mwenzenu anaungua, nyie mnashangilia. Kwani kwao hakuwa na kaka?"

Wenzangu wakacheka. "Mama, hiyo ni sinema tu!"

Mimi nikakaa chini.

Dada yangu Neema alifiwa na mumewe mwezi uliopita. Ukweni wanataka arithiwe na shemeji yake. Kikao ni Jumanne.

Asubuhi alinipigia simu. "Kaka, njoo unichukue. Simtaki."

Nikamjibu, "Vumilia, dada. Ndiyo mila."

Nilimjibu hivyo mimi, niliyempigia makofi malkia.

Nampigia Neema simu tangu nitoke kibandani, hapokei. Mlio na dada, nyie mngemwambia nini?

Kesho alfajiri napanda basi la Musoma. Wenzangu wa Kariakoo, mwambieni msimamizi wetu wa mizigo nitarudi Jumapili ijayo, na sitarudi peke yangu.