Ile Video Nzuri Iko Wapi?

Ukifika Mwabungo ukauliza ni nani hupiga video za wanawake, utaonyeshwa nyumba ya Twaiba. Alianza kwa kupaka hina. Kwa miaka mingi alishinda vyumbani na maharusi, akiwachora mikono na miguu, na huko ndiko alikoliona jambo ambalo wapiga picha wa kiume wa Ukunda hawakuwa na dawa yake. Siku ya kupamba, bi harusi hukaa jukwaani kichwa wazi, na mama zake na shangazi zake hucheza mbele yake wameshavua mabuibui. Hakuna mwanamume anayekaribia hata mlango, na simu zote hukusanywa kapuni. Lakini kila mama anataka ukumbusho wa siku ile.

Basi Twaiba akanunua kamera kuukuu kwa mhudumu wa hoteli aliyeachiwa na mgeni wake, akajifunza mwenyewe. Picha zake zilikuwa nzuri, na uaminifu wake ulikuwa mzuri zaidi. Alihariri chumbani, mlango umefungwa. Hata mumewe Kheri, aliyekuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, hakupata kuchungulia. Akimaliza humpelekea mwenye harusi flashi, kisha mbele ya macho yake hufuta kadi na hufuta laptopu. Akina mama walimpenda kwa hilo.

Kamera ile ilipozeeka, lenzi ilikwama nusu ndani nusu nje, na fundi akasema spea zake hazipatikani tena. Wakati huo Twaiba alikuwa ameshaahidi harusi ya Ummi, binti wa Bi Mwanatumu wa Msambweni. Bi Mwanatumu alisomesha wanawake Qur'ani, na alikuwa mtu wa kupima neno kabla ya kulikubali. Ahadi kwa mtu kama huyo haikuwa ya kuvunjwa.

Twaiba akaenda Ukunda, kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji, kijana wa bara aitwaye Owen, akamtolea kamera mpya inayong'aa.

"Hii ni moto, mama. Soma hapa kwa boksi. Megapikseli arobaini na nane!"

Twaiba akaipima mkononi. Ilikuwa nyepesi kama kisanduku kitupu cha sabuni. Jina lililoandikwa ubavuni lilifanana na jina la kampuni kubwa, ila herufi moja ilikuwa nyingine.

"Mbona nyepesi hivi?"

"Teknolojia imesonga. Zile nzito ni za zamani."

Hakuridhika. Akasimama mlangoni juani, akapiga video ya watu barabarani, akaitazama kwenye kioo chake kidogo. Ilikuwa safi. Akainunua, moyo haujatulia.

Kupamba kulifanyika alasiri, katika ukumbi ambao mapazia yake yalikuwa yamefungwa yote na taa za rangi zimewashwa jukwaani. Ummi alikaa kwenye kiti chekundu, dhahabu kifuani, piko, ile hina nyeusi, imempanda hadi viwikoni. Katikati ya shamrashamra Bi Mwanatumu alikuja mwenyewe kuchungulia kile kioo, kidogo kama kibiriti.

"Mashaallah," akasema. "Hata ushanga unaonekana."

Neno hilo ndilo lililokuja kumwumiza Twaiba.

Nyumbani alifungua laptopu, akadhani ni kioo cha laptopu kimeharibika. Nyuso zilikuwa kama unga uliokandwa ukaachwa, hazina macho wala pua. Dhahabu ilikuwa rangi ya bizari. Ummi alipogeuza kichwa, kichwa kingine cha ukungu kilimfuata nyuma. Penye giza palichemka vidoti vidoti, na nyimbo za akina mama zilisikika kama samaki wanaokaangwa. Twaiba alijaribu kila alichokijua. Akiongeza mwanga, vidoti viliongezeka. Akipunguza, bi harusi alizama.

Alikwenda Msambweni akiwa na flashi na maneno ya kuomba radhi.

"Shikamoo, Bi Mwanatumu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, tumekungoja kwa hamu."

Sebuleni walikuwapo Bi Mwanatumu, wifi yake Mbodze, na jamaa wengine. Flashi ikachomekwa kwenye televisheni kubwa. Ukungu ule ule ukajaa kioo kizima. Twaiba alieleza kwamba kamera ilikuwa mpya na imemwangusha, kisha, kama desturi yake, akatoa kadi na laptopu akafuta vyote mbele yao.

Bi Mwanatumu alimwacha amalize. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini:

"Twaiba, hii umetupa sisi. Ile nzuri iko wapi?"

"Ipi nzuri, Bi Mwanatumu?"

"Ile niliyoiona kwa macho yangu. Niliona ushanga. Sasa hata uso wa mwanangu siuoni."

"Wallahi hakuna nyingine. Kile kioo ni kidogo, kinaficha aibu."

"Na mbona umefanya haraka kufuta?"

Kile alichokuwa akikifanya siku zote ili aaminiwe, leo kimekuwa ushahidi dhidi yake. Twaiba akaaga, na hakuna aliyemsindikiza mlangoni.

Bi Mwanatumu hakumtangaza. Alimwuliza dada yake mmoja tu, naye akamwuliza mwenzake, na neno lilipofika Galu lilikuwa limeshaota miguu: Twaiba hubaki na video safi, huwapa wenyewe mabaki. Lilipofika Majoreni, kulikuwa na mtu aliyesikia kwamba mtu fulani ameona picha ya bi harusi kwenye simu ya kinyozi. Bi harusi gani, hakuna aliyejua. Mama mmoja akapeleka ujumbe kwamba harusi yao haitapigwa video. Mwingine hakupeleka hata ujumbe.

Twaiba mwenyewe akaanza kuingiwa na wasiwasi. Je, kama kweli ipo picha kwa kinyozi? Aliiacha laptopu wapi siku ile? Ilikuwa imefungwa au wazi? Nani aliingia chumbani? Akalijua jina la mtu pekee anayeingia chumbani, akaona haya kulitaja hata moyoni. Lakini hakuiacha tena laptopu mezani. Aliifunga kwa mfuko, akaifukia kwenye pipa la unga.

Kheri ndiye aliyeikuta, asubuhi moja ya likizo yake alipotaka kukanda chapati. Akaisimamisha juu ya meza ikiwa nyeupe tupu kwa unga.

"Unanificha mimi?"

"Nawaficha watu."

"Nyumbani humu kuna watu gani?" Akakaa, akajipangusa mikono. "Twaiba, huko kazini nimeulizwa. Nikawaambia mke wangu hawezi kufanya jambo hilo. Sasa niambie na mimi. Ile video nzuri ipo?"

Swali lilikuwa lile lile la Bi Mwanatumu, ila lilimchoma mahali pengine. Twaiba hakulia. Alivaa buibui, akaichukua kamera, akapanda boda hadi Ukunda.

"Sitaki kubadilishiwa," alimwambia Owen. "Nataka uniambie hiki kitu ni nini."

Owen alikwepa kidogo, akaiwasha, akapiga video ya kona yenye giza dukani, akaiunganisha na televisheni iliyokuwa ikiuzwa. Rafu zikageuka uji.

"Zote ziko hivyo, mama," akasema mwishowe. "Jicho la ndani ni dogo sana, kama la simu ya kuchezea mtoto. Ile namba ya boksi ni picha ndogo imevutwa tu, ionekane kubwa. Kwa jua inajaribu. Ndani ya nyumba haiwezi."

"Ulijua?"

Owen akaangalia kaunta. "Nilijua haifiki arobaini na nane. Sikujua ni mbaya hivi."

Twaiba alimtazama sana, asijue ni nusu gani ya jibu hilo aiamini. Akaomba waya wa kuunganishia, akapewa, akatoka.

Kwa Bi Mwanatumu alipiga hodi bila kualikwa. Ummi alikuwa amekuja kumzuru mamake. Twaiba hakukaa.

"Bi Mwanatumu, mimi sina nitakachokuapia tena. Kamera ndiyo hii. Ishike wewe, mimi nitasimama ukutani. Ummi avae nguo yake, mfunge mapazia, muwashe taa. Piga mwenyewe, utazame mwenyewe."

Bi Mwanatumu aliupekua kwanza mkoba wa Twaiba, taratibu, mfuko kwa mfuko. Aliikagua kadi. Kisha akakubali. Ummi alivaa nguo ya harusi, Mbodze akacheza mbele yake kwa mzaha, na mama akapiga, akikodolea kioo kidogo. "Mbona nzuri," akanong'ona, "naona hadi uzi." Waya ukachomekwa kwenye televisheni.

Uji ule ule. Bi Mwanatumu akasogea karibu, akanyoosha kidole.

"Huyu anayecheza nani?"

"Si ndiye mimi, wifi!" akasema Mbodze.

Bi Mwanatumu akaketi polepole. Watu walidhani ataomba radhi, lakini machozi ndiyo yaliyotangulia.

"Kwa hiyo haipo," akasema. "Nilikuwa nikijiambia ameificha. Nikimshika vizuri ataitoa. Kumbe haipo kabisa."

Hapo Twaiba akaelewa kwamba wakati wote mama huyu alipokuwa akimshuku, kupamba kwa bintiye kulikuwa bado kumehifadhiwa mahali, kuzuri, kunangoja kurudishwa. Sasa hakukuwa na picha nyingine popote, maana simu zilikuwa kapuni, na piko ya Ummi ilikuwa imeshafutika. Akaketi sakafuni kando ya Bi Mwanatumu, akamshika mkono. Hakujisikia mshindi.

Bi Mwanatumu aliomba radhi baadaye, na akampigia simu kila aliyejua kuwa neno lile limemfikia. Wengine walisadiki. Wengine walisema pasipo moto hapafuki moshi, na hadi leo hawamwiti. Kwa Kheri mambo yalichukua muda wake. "Nilikosea kuuliza," alisema. "Na mimi nilikosea kukufichia laptopu kwenye unga," Twaiba akajibu, na kwa siku nyingi walisemezana kwa adabu kama wageni, mpaka adabu ikawachosha.

Siku hizi Twaiba hupaka hina tena, na anapoitwa kwa video hutaka wenye harusi walete kamera yao na kadi yao. Huijaribu kwanza ukumbini, taa zimewashwa, kwenye televisheni kubwa, wenyewe wakiona. Akihariri, huhariri nyumbani kwao.

Juzi Bi Mwanatumu alimwita kwa harusi ya binti yake wa pili. Twaiba alipofika alikuta viti viwili vimewekwa pembeni ya jukwaa, kimoja chake, na cha pili amekaa Mbodze.

"Nimeambiwa nikae nawe," Mbodze akasema, akiona haya kidogo. "Nikusaidie."

"Kunisaidia nini?"

"Kukaa."

Twaiba akamtazama Bi Mwanatumu upande wa pili wa ukumbi, aliyekuwa akipokea wageni na kuwatupia jicho. Akavuta kiti chake kikaribiane na cha Mbodze, akamwonyesha mahali pa kutazama: kamera, kadi, na mikono yake mwenyewe.