Mlango Alioufungua Abudu

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya mihogo ya kukaanga hunipandisha hasira mpaka leo. Wengine harufu za utotoni huwalegeza, wakafumba macho na kutabasamu. Mimi hukunja uso. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba cha Mjomba Sumaili, ndugu yake mama, kule Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nyuma ya soko. Kilikuwa chumba cha udongo chenye paa la bati, na ndani yake televisheni moja yenye mgongo mkubwa. Jenereta ilikaa nje chini ya dirisha, ikinguruma mpaka vumbi likadondoka ukutani, na mke wa mjomba alikaanga mihogo yake mlangoni. Watoto wa kiume walijipanga kwenye mkeka wakigombea komando, kile kidude chenye vitufe unachokishika kwa mikono miwili. Sisi wasichana tulipita na ndoo za maji kichwani, tukachungulia. Kuchungulia tu ndiko tulikoruhusiwa, na hata huko tulifukuzwa tukiambiwa tunaziba mwanga.

Mchezo waliougombea, jogo kama tulivyouita kwetu, ulikuwa mmoja. Mtu mrefu mwenye koti jeusi linalofika visiginoni, upanga mgongoni na bastola mbili kiunoni, anaingia katika kanisa kubwa lililohamwa, lenye madirisha ya vioo vya rangi na sanamu zinazotoka damu machoni. Humo mashetani yanamtokea kutoka sakafuni, na yeye anayasafisha chumba kwa chumba. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, au sisi tuliamua kuwa ni Kijapani, kwa hiyo kila kitu tulikipa jina wenyewe, na yule mtu tukamwita Bwana Koti. Kuua mashetani hakukuwa kazi. Hata mbuzi angeweza, angekanyaga vitufe tu. Kazi ilikuwa kwamba mchezo ulikuangalia unavyoua. Ukirudia pigo lile lile, ulikudharau kwa herufi ndogo ya kijivu pembeni mwa kioo. Ukichanganya upanga na bastola, ukaruka, ukageuka, koti likapepea na usiguswe hata ukucha, herufi zilipanda na kuwaka rangi ya dhahabu. Mchezo ulitaka madaha, basi. Na wavulana wa mtaa wetu, Mungu awape afya, madaha hawakuwa nayo. Walibonyeza vitufe kama watu wanaoua siafu.

Mwaka ule ndipo helikopta zilipoanza kupita juu ya paa zetu asubuhi zikielekea baharini, na kila mtu mzima alikuwa na neno gesi mdomoni. Redio ilisema gesi, mwalimu shuleni alisema gesi, na watu wakitoka msikitini walikaa barazani wakigawana kazi ambazo hazijafika. Vijana wakubwa waliandikishwa kukata njia porini za kupitishia nyaya za wapimaji, wakaondoka mjini. Kisha kiangazi kikaingia, na wavulana wa rika letu wakapelekwa jandoni, akiwemo kaka yangu Abudu aliyenizidi mwaka mmoja. Mtaa ukanyamaza. Mjomba akabaki na televisheni yake, jenereta yake na mkeka wake mtupu, akipiga miayo mchana kutwa. Siku moja nilipokuwa napita akaniita. "We Mwanaisha, tua ndoo hiyo. Njoo ushike komando, mashine ikikaa bure inashika kutu." Niliitua kwa pupa mpaka nusu ya maji ikanimwagikia miguuni.

Sikuingia peke yangu. Nilikwenda kumwita Veronika, rafiki yangu, ambaye wazazi wake walikuwa wametoka nyanda za juu, upande wa Mueda, wakaja Palma kufuata hizo hizo kazi za gesi. Watu wa kwao ni Wakristo, na hilo lilitufaa kuliko nilivyotarajia. Wavulana walikuwa wamekwama miezi na miezi katika ukumbi mkubwa wa lile kanisa. Walipiga kila sanamu upanga, wakazipiga risasi nguzo, wakasema mashine ni mbovu. Veronika alikaa, akatafuna muhogo wake, akatazama. "Kwani hawa hawajawahi kuingia kanisani?" akauliza. Akanielekeza nimpeleke Bwana Koti mbele kabisa, kwenye meza ya padri, niwashe mishumaa yote, halafu nikapige kengele. Ukuta ukafunguka. Tulipiga kelele mpaka mke wa mjomba akaingia na mwiko mkononi akidhani nyoka ameanguka kutoka darini.

Mapigo yenyewe nilikuwa nayo mwilini tayari. Nyumbani tulitwanga watatu kwenye kinu kimoja, mimi, mama na shangazi, kila mmoja na mchi wake. Mchi mmoja ukishuka, wa pili uko njiani, wa tatu unapanda, na katikati yake mama alipenda kupiga kofi moja ili kuchangamsha kazi. Ukikosa nafasi yako michi inagongana, na mkono unakufa ganzi. Basi nikaona kuwa upanga ni mchi wangu, bastola ni wa mama, kuruka ni wa shangazi, na lile kofi ni pale koti linapogeuka. Nilianza kuhesabu kwa midomo kama kinuni. Herufi zikapanda. Mjomba akaacha kupiga miayo, akavuta kiti chake karibu, akawa anasema "Ahaa! Ahaa!" kila dhahabu ilipowaka. Sijawahi kusifiwa vile shuleni wala nyumbani, na nasema wazi kwamba nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa kitu kilicho changu peke yangu. Kila jioni mjomba aliniwekea safari yangu kwenye kadi, kile kipande kidogo cha plastiki kilichokuwa na nafasi ya mchezaji mmoja tu, na kesho yake nilianzia nilipoishia.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye mlango wa mwisho. Ulikuwa mlango mweusi juu kabisa ya mnara, una komeo la chuma lenye umbo la mkono, na nyuma yake palisikika mtu akiimba polepole. Tangu mwanzo wa mchezo ile sauti ilikuwa ikisikika kwa mbali, chumba baada ya chumba, nasi hatukujua ni ya nani. Veronika alisema ni mama yake Bwana Koti. Mimi nilisema ni yeye mwenyewe alipokuwa mtoto. Tulibishana njia nzima. Nilinyoosha kidole kubonyeza kitufe cha kufungua, na hapo jenereta ikakohoa, ikakata, petroli imekwisha. Mjomba alicheka, akasema safari imekwisha kuhifadhiwa pale pale mlangoni, hakuna kilichopotea. "Kesho utafungua mwenyewe, mwanangu," aliniambia.

Kesho yake wavulana walitoka jandoni. Sina ugomvi na jando. Nilikimbia na wenzangu kuwapokea, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka, nikamwona kaka yangu amenyolewa, amevishwa kanzu mpya na kofia, anang'aa mafuta, nikajisikia kulia kwa mapenzi. Wari wote waliketishwa kwenye mikeka uani kwetu, vichwa chini, kimya. Kwetu mvulana aliyetoka jandoni siku ile hasemi mpaka atunzwe, na akisha kufungua mdomo anaomba kitu kimoja, na ukoo hauthubutu kumnyima. Mwingine huomba jogoo, mwingine viatu. Na anayetoa hana budi kumkabidhi kwa mikono yake miwili, mbele ya watu. Abudu alikuwa amekwisha kupata habari huko msituni kutoka kwa vijana waliopeleka chakula. Akainua kichwa, akasema, "Naomba jogo la Mwanaisha. Pale pale alipofika."

Nilicheka. Niliona ni mzaha wa mtu aliyekosa michezo muda mrefu. Kisha nikaona kuwa ni mimi peke yangu ninayecheka. Nikamtazama mjomba, yeye akatazama viatu vyake. Nikamtazama mama.

"Mpe nduguyo," mama akasema. "Leo hanyimwi kitu."

"Mama, mlango mmoja tu umebaki. Niache niufungue, halafu nimpe yote."

"Hebu usinitie aibu mbele za watu. Jogo ni nini? Mpe."

Walitutoa uani, tukaenda wote mpaka kwa mjomba, ngoma mbele, mimi katikati kama mwizi aliyekamatwa. Nilimkabidhi Abudu komando kwa mikono yangu miwili, wanawake wakapiga vigelegele kunisifu kwa ukarimu wangu. Ukarimu gani? Ukarimu ni kutoa. Mimi nilikuwa nimenyang'anywa na kuombwa nitabasamu juu yake. Chumba kikajaa mpaka mlangoni, mama akapewa kiti cha mbele kwa kuwa ndiye mzazi. Nilivumilia kuona Bwana Koti akiwa mikononi mwa kaka yangu, akijikwaa, akipiga pigo lile lile, herufi za kijivu zikijipanga. Dawa zote za kumponya Bwana Koti nilizokusanya kiangazi kizima alizimwaga kwenye pambano moja tu, na mashetani yaliyotokea upya mbele ya mlango. Alipoweka mkono kwenye komeo, nikatoka. Nilipita mlangoni kwa mke wa mjomba, nikazunguka nyuma ya jenereta ambako hakuna atakayenisikia, nikalia kwa sauti yote. Kelele za ushindi zilizidi jenereta. Walimbeba Abudu begani mpaka nyumbani. Jioni ile ile akaanza mchezo upya kwa jina lake, na kadi ikafuta njia yangu yote, ukumbi, mishumaa, mnara, kana kwamba sikupita.

Baada ya hapo vijana wa kukata njia wakarudi na malipo yao mfukoni, chumba kikajaa kama zamani, na mjomba akatuambia mimi na Veronika, kwa upole kabisa, kwamba sasa hakuna nafasi. Hakututukana. Afadhali angetutukana. Zamu yangu ya unyago ilipofika, nilitulia ndani, nikafundishwa niliyofundishwa, na siku ya kutoka niliwaambia wanawake waliokuja kunitunza kwamba naomba kwenda kwa Mjomba Sumaili nikashike komando jioni moja. Walicheka mpaka wakafutana machozi. Nilipewa kitenge. Kilikuwa kizuri, na nilikichukia mpaka kilipochakaa.

Sasa naishi Pemba, mji wetu wa Msumbiji, si kile kisiwa. Tulikimbia Palma vita vilipotufikia, na chumba cha mjomba, naambiwa, kimebaki kuta. Natengeneza simu sokoni, nina mkono mwepesi, na nikiwa nachomelea kipande kidogo midomo yangu bado inahesabu mapigo ya kinu. Ile gesi sijaiona. Tuliambiwa ni yetu, tukaipigia vigelegele kabla haijafika, na mpaka leo napikia mkaa. Nikisikia mtu redioni akitushukuru kwa uvumilivu wetu, nazima redio, maana shukrani za namna hiyo nimekwisha kuzipokea mara moja maishani. Abudu anaendesha lori Nampula na tunapendana. Lakini kila harusi ya ukoo anasimulia jinsi alivyokuwa mtu wa kwanza Palma kumaliza lile jogo, na kila anapofika kwenye mnara mimi huinuka kwenda kutazama sufuria. Simu zinazopita mikononi mwangu zingeweza kunionyesha mwisho wake kwa dakika chache. Sitaki. Sikutaka kuonyeshwa, nilitaka kufungua.

Mwezi uliopita Abudu alituletea mtoto wake wa kiume akae nasi likizo. Binti yangu Zainabu alikuwa ameketi sebuleni na simu yangu, anacheza jogo la mapanga la siku hizi, amekaza meno, amefika mbali. Mtoto wa Abudu akaanza kunung'unika. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee na anakaa kwangu, akasema bila hata kugeuka, "Zainabu, mpe kakako. Mgeni huyo."

"Hapana," nikasema. Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, watoto wakanitazama. "Mwache amalize. Akimaliza atampa."

"Jambo dogo hilo, Mwanaisha."

"Si dogo, mama. Halikuwa dogo wakati ule, na si dogo sasa. Ulikaa kiti cha mbele ukaangalia Abudu akifungua mlango wangu. Mimi ndiye nisiyejua nyuma yake palikuwa na nini mpaka leo, na wewe unajua."

Mama alikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. "Sijui," akasema mwishowe. "Watu walipopiga kelele mimi nilikuwa nimegeuka, naangalia mlangoni ulikopita wewe ukitoka. Nilidhani utarudi."

Hasira yangu haikuondoka. Mtoto wa Abudu alikuwa ameanza tena kunung'unika, ameshanyoosha mkono kuichukua simu. Mama akamshika kiganja, akamvuta akae mkekani karibu naye. "Tulia," akamwambia. "Dada yako bado hajafika."